Wametupiga hela kwenye boti, eti tukivuka ikweta maji ya sinki yanageuka

Wakuu habari zenu. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, mimi nimekasirika kweli na hasira haijaisha hadi leo.

Wiki mbili zilizopita nilitoka Bukoba na mpwa wangu yuko form two, dogo anapenda jiografia kufa, tukapanda basi la Kampala kupitia Mutukula na Masaka. Mnaoijua hiyo njia mnajua pale Kayabwe kuna ule mduara mweupe wa ikweta pembeni ya barabara, na kuna vijana wana mabeseni yao matatu wanawaonyesha watu maji. Basi halikusimama. Dogo kashika kioo, mjomba tushuke, mjomba tushuke, nikamwambia tulia wewe, tukifika Entebbe nitakupandisha boti uivuke ikweta ziwani kabisa. Hapo ndo nilijitafutia matatizo mwenyewe.

Boti ni zile za kupeleka watu visiwani na kurudi. Jina siandiki. Nauli ni nauli, lakini juu yake wanakupiga shilingi elfu ishirini za Uganda kila kichwa, mtoto na mkubwa sawasawa, ya kitu wanaita "sayansi ya ikweta" pamoja na cheti. Nikalipa mbili. Kutoka Entebbe hadi mstari wenyewe ni kilomita chache tu, hamjakaa vizuri mshafika.

Sasa picha linaanza. Nyuma ya boti wamefunga kasinki kadogo, chini kana kipande cha mpira kinamwaga maji ziwani. Tukiwa bado kaskazini jamaa anapunguza injini, anajaza sinki kwa jagi, anaweka petali la ua, anavuta kizibo, ua linazunguka kinyume cha saa. Makofi. Tunasogea mpaka simu inasoma sifuri, anajaza tena, hapo sasa anatupigia stori ndeeefu ya samaki sangara na bei ya minofu, halafu ndo anavuta kizibo, ua linazama bila kuzunguka. Makofi zaidi. Boti inageuza, tunasogea kusini, anajaza, anavuta, ua linazunguka kama mshale wa saa. Watu wanapiga mayowe, simu zote juu, mama mmoja anamsifu Mungu.

Dogo akaninong'oneza, "Mjomba, mbona safari hii kamimina upande mwingine?"

Wakuu nikahisi damu inapanda. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimeona ila nikajifanya sijaona, nimeshalipa elfu arobaini bana. Kule kaskazini jagi alikuwa kaliegemeza ukingo wa kulia akimimina kuelekea mbele. Kusini akaliegemeza ukingo wa kushoto. Pale katikati alimimina polepole, na ile stori ya sangara yote ilikuwa ya kusubiri maji yatulie!

Nikamwomba kwa upole tu, kaka, hebu rudia hapa hapa ila umimine kulia. Akacheka, akawageukia abiria akauliza huyu mzee vipi, ni fundi bomba nini? Nikamwambia ndiyo. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa kumi na saba huu, nimefunga masinki mpaka nimesahau idadi. Watu wakacheka badala ya kunisikiliza, dada mmoja akaniambia niache roho mbaya, niwaache vijana watafute riziki.

Riziki sawa. Lakini wewe unamuuzia mtoto wa shule uongo na unampa cheti?

Ngoja niwaambie kitu ambacho kila fundi anakijua. Maji kwenye sinki yanazunguka kufuatana na koki ilivyokaa, tundu limekaa katikati au pembeni, sinki limelala upande gani, na mkono wako ulivyovuta kizibo. Basi. Nyumba moja unakuta sinki la jikoni linazungusha kulia na la bafuni kushoto, sasa hapo ikweta imepita koridoni? Na hiyo ni nyumba iliyosimama, umeweka pimamaji na kiputo kimetulia. Kwenye boti kiputo hakitulii hata dakika moja, wimbi linapiga, abiria wote wamekimbilia upande mmoja kupiga picha, injini inatetemesha kila kitu.

Nimerudi nikasoma, maana sikulala. Nguvu yenyewe wanayoisingizia, ya mzunguko wa dunia kupindisha vitu vinavyosogea, ipo, sibishi, inaitwa ya Coriolis, Mfaransa aliyeiandikia mwaka 1835. Ila angalia inavyofanya kazi. Ukisimama Ncha ya Kaskazini, dunia inakuzungusha papo hapo ulipo, mzunguko mmoja kwa siku. Ukisimama kwenye ikweta haikuzungushi kabisa, inakubeba tu kwenda mashariki kama upo kwenye basi. Yaani pale kwenye mstari ni sifuri, na jamaa alifanya onyesho lake hata nusu kilomita kutoka mstarini sidhani kama ilifika, umbali huo nguvu haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya Ncha. Hata huku kwetu Bukoba ni kama mbili kwa mia. Wanauza nguvu ya Coriolis sehemu ambayo ndo haipo kabisa!

Na kuna hili la boti kugeuka, hili ndo linaniua. Dunia inamaliza duara kwa saa 24, yaani dakika 1440. Nahodha wetu aligeuza boti duara zima kwa kama dakika mbili. Kwa hiyo boti ilikuwa inayazungusha yale maji mara 720 kuliko dunia, na hapo nimeipa dunia nguvu yake yote ya Ncha ambayo pale haina.

Waliowahi kuipata hiyo nguvu kwenye maji ya kumwaga walifanyaje? Profesa Ascher Shapiro wa MIT kule Marekani, mwaka 1962, alichukua tangi la duara upana kama mita 1.8, maji kina cha sentimita 15, katobo katikati kama sentimita moja, akalifunika na kuyaacha maji yatulie saa 24. Alipofungua, zaidi ya dakika kumi hakuna kitu kinachoonekana, ndo baadaye yakaanza kuzunguka polepole kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzao wakarudia Sydney, Australia, kule kusini mwa ikweta, yakazunguka kama saa. Saa 24 wakuu! Jamaa yangu wa boti alisubiri stori moja ya sangara.

Wale mtakaokuja na habari za "mbona vimbunga vinageuka", ndiyo vinageuka, kimbunga kina mamia ya kilomita na kinakaa siku kadhaa, nguvu ndogo inapata muda. Hidaya wa Mei 2024 alizunguka kama saa kwa sababu huku ni kusini. Na vimbunga hivyo karibu na ikweta ni nadra sana kuzaliwa, kwa sababu hiyo hiyo niliyosema. Sinki si kimbunga. Na wewe baharia utakayesema umeona kwenye choo cha meli ukienda Oman, vyoo vya meli nyingi siku hizi vinafyonza kwa vakyumu, hayo maji uliyaona yanazunguka saa ngapi?

Nyumbani nilitoboa beseni katikati, nikaweka kizibo, tukajaza jioni na dogo, tukaliacha mpaka asubuhi. Siku ya kwanza yakazunguka kulia. Ya pili kushoto. Ya tatu yakashuka tu bila kuzunguka. Dogo kaandika yote kwenye daftari, na mwalimu wake kamrudishia na mkasi mwekundu, kaandika pembeni "kusini ni kulia."

Mwalimu ana ushahidi, ameona klipu ya ile ile boti kwenye grupu la wazazi. Aliyeituma ni dada yangu. Cheti nacho kakiwekea fremu ya elfu nane, kipo sebuleni juu ya TV, na amesema nikikigusa nisirudi kwake hata bomba likipasuka.