i++ au ++i: Je, Mwanafunzi Akatwe Alama?

Mwanzilishi wa hoja, Mbeya:
Ndugu wachangiaji, naleta kwenu suala linalowagawa baadhi yetu tunaofundisha lugha ya programu ya C hapa Mbeya: i++ na ++i, ambazo zote huongeza 1 kwenye kigeu i. Wapo wanaomkata mwanafunzi alama akiandika i++ katika kitanzi cha for (maagizo yanayorudiwa kwa kuhesabu), kwa madai kwamba ++i ina kasi zaidi, na wapo wanaosema kwamba maumbo hayo hayana tofauti yoyote. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea.

Dai la kasi halina mashiko kwa namba kamili. Ni kweli kwamba i++ hutoa thamani ya zamani na ++i hutoa thamani mpya, lakini pale ambapo thamani hiyo haitumiki popote, kompaila za leo (programu zinazotafsiri msimbo) huzalisha maagizo yaleyale kwa mashine. Dai hilo lina uzito katika lugha ya C++, ambako iterata (kitu kinachopitia orodha hatua kwa hatua) inaweza kuwa kitu kikubwa na umbo la nyuma, i++, hulazimika kunakili hali ya zamani kabla ya kusogea. Ila anayekatwa alama hapa anahesabu kuanzia 0 hadi 9.

Wanaosema hakuna tofauti nao watazame programu ya kupakia magunia ya viazi pale Uyole, n ikiwa 3. Hapa -- hupunguza 1, na while hurudia hadi thamani kwenye mabano iwe 0. Kitanzi cha while (n--) hupakia magunia matatu. Kitanzi cha while (--n) hupakia mawili, na moja linabaki chini. Hatari zaidi ni n ikiwa 0: cha kwanza hakipakii kitu, ilhali cha pili huanza na -1, ambayo kwa lugha ya C ni kweli, kikaendelea kupakia magunia yasiyokuwepo.

Mchangiaji, Iringa:
Mfano wa magunia naukubali, ila hoja ya kasi umeitupa mapema mno. Opareta hizi alizibuni Ken Thompson katika lugha ya B, kabla ya C. Wengi hudhani zilitokana na kompyuta ya PDP-11, jambo ambalo Dennis Ritchie, mbunifu wa C, alilikanusha, kwa kuwa B ilitangulia mashine hiyo; yeye alikisia kwamba Thompson alivutiwa zaidi na kuona kuwa tafsiri ya ++x ni fupi kuliko ya x=x+1. Ubanaji wa maagizo ulikuwamo tangu mwanzo, basi kuna ubaya gani kumzoesha kijana ++i, ambayo haimgharimu chochote leo na itamfaa akihamia C++? Alama moja si adhabu kubwa.

Mchangiaji, Njombe:
Mimi ningezifuta zote mbili. Lugha ya Swift iliziondoa katika toleo la 3 mwaka 2016, na lugha ya Go imebakiza i++ peke yake, tena kama sentensi kamili isiyotoa thamani. Kuandika i += 1 kunampunguzia nini mtu?

Mwanzilishi wa hoja, Mbeya:
Ndugu wa Iringa, mazoea mema yafundishwe, lakini kukata alama ni kusema jibu lina kosa, na i++ katika kitanzi hicho haina kosa. Ndugu wa Njombe, ukizifuta utapoteza bei[n++] = b, ambayo huweka bei b kwenye nafasi tupu ya orodha na kusogeza kihesabio papo hapo; mwanafunzi anayeandika bei[++n] = b, n ikianza na 0, ataacha nafasi ya kwanza, yaani namba 0, tupu, na hapo alama ikatwe bila huruma.

Vilevile ikatwe kwa anayeandika i = i++, au anayeongeza kigeu kilekile mara mbili katika wito mmoja wa funksheni, kama f(i++, i++). Kiwango cha lugha ya C hakiyapangii maandishi hayo matokeo yoyote, kwa hiyo hata mashine ya mwanafunzi ikitoa jibu analolitarajia mwalimu, mashine ya jirani yake ina ruhusa ya kutoa jingine.