Tupeane uzoefu: siku ulipofika TSC ukiwa na shida, ulitokaje?

MamaChaki: Walimu wenzangu, poleni na majukumu. Wengi tunaijua Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) kwa barua za kupanda daraja. Mimi nilikutana nayo nikiwa na hati ya mashtaka mkononi.

Nilikuwa na darasa la tatu, mkoani Ruvuma. Mama akalazwa, nikaomba ruhusa, mkuu wangu akasaini. Narudi baada ya siku nane, nimeandikwa mtoro! Na siku tano mfululizo bila ruhusa zinatosha kukufukuzisha kazi. Nililia chooni watoto wasinione. Usiku nikapekua kila karatasi; nakala ya ruhusa ilikuwa ndani ya andalio la somo, imekunjwa mara nne, ina doa la chai. Nikaiambatanisha na utetezi wangu. Kamati ya Tume wilayani ikaniita, ikanisikiliza mpaka mwisho, mashtaka yakafutwa. Ningeshindwa, bado kulikuwa na rufaa makao makuu ya Tume. Kabla ya hapo nilidhani Sheria Namba 25 ya 2015, iliyoiunda Tume, ilituletea fimbo tu.

Hesabu_Mbeya: Pole sana dada. Yangu ni daraja. Tulioajiriwa siku moja walipanda, mimi nikabaki. Nikaenda kwa mwakilishi wa CWT, Chama cha Walimu Tanzania, akanieleza vizuri: chama kinakutetea, daraja linatoka TSC. Wilayani Katibu Msaidizi akafungua jalada mbele yangu. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo, haikufuata nilipohama. Ilikuwa kabatini kwangu miaka yote! Nikaipeleka kesho yake, nikapanda awamu iliyofuata.

MwalimuNyamira: Huku Kenya nasi tuna TSC yetu, na bila namba yake ya usajili huruhusiwi kufundisha, hata shule ya kibinafsi. Naiunga mkono sheria hiyo, mtoto asifundishwe na yeyote tu. Lakini namba si ajira. Yangu niliipata mapema, kazi ya kudumu nikaingoja miaka sita.

Mgeni_Kigoma: Shikamooni. Mimi hati nimepewa Ijumaa, sijalala. Dada MamaChaki, utetezi uliandika kurasa ngapi?

MamaChaki: Marahaba mdogo wangu. Ukurasa mmoja na nusu. Anza na tarehe, moja baada ya nyingine, kisha viambatisho. Angalia kwenye hati siku ya mwisho ya kujibu, usiipitishe. Nitumie ujumbe jioni hii, tuuandike pamoja.