Naomba ushauri: sumu ya nyuki inageuka njano, nakosea wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nafuga nyuki hapa Sikonge, Tabora. Asali naijua, ila hii biashara ya sumu ndiyo imenitoa jasho.

Natumia fremu yenye nyaya za umeme wa betri, chini yake kioo. Nyuki akipigwa shoti anachoma, sumu inakauka kwenye kioo, nami naikwangua kwa wembe. Naweka kioo wazi mlangoni mwa mzinga, mchana, maana usiku nyuki wetu hawa hawana masihara (na mchana pia, sema angalau naona pa kukimbilia).

Mnunuzi amekataa mzigo wangu. Anataka unga mweupe, wangu una unjano na chembe za chavua. Najua jua na hewa vinaiharibu, na vumbi likiingia ndiyo basi tena. Kila nyuki anatoa kama miligramu 0.1 tu ikikauka, kwa hiyo gramu moja ni nyuki elfu kumi hivi. Kupoteza inauma!

Sasa, waliowahi: nikitandika nailoni nyembamba juu ya kioo, nyuki wachome kupitia hapo, usafi unaongezeka kweli au napunguza mavuno tu? Fremu niiweke ndani, chini ya mfuniko? Na mnakwangulia wapi? Mimi nilikwangua barazani bila barakoa, nikakohoa hadi usiku. Friji ninayo, chupa nyeusi pia.