Samaki kangaja ana madoa meupe: dawa ya shaba, kupunguza chumvi au kuhamisha samaki tangi kwa tangi?

mvuvi_wa_kioo: Wakuu, tangi langu ni lita 400, lina matumbawe hai, kamba wawili na samaki sita. Tangu juzi kangaja wa buluu ana madoa kama chembe za chumvi kwenye mapezi na anajisugua kwenye mawe. Bado anakula. Kati ya njia hizo tatu mngechagua ipi?

BiMkunazi: Kabla ya dawa, hakikisha ugonjwa. Madoa ya kuhesabika kwa samaki anayekula, mara nyingi ni Cryptocaryon, kimelea cha madoa meupe. Ukiona vumbi laini, samaki anahema haraka, anakwepa taa na kung'ang'ania mbele ya pampu, shuku Amyloodinium, kimelea kingine. Huyo anamaliza tangi zima kwa siku chache, na kupunguza chumvi hakumwezi. Hapo ni shaba siku hiyohiyo.

tanga_kwetu: Kama ni Cryptocaryon, mimi napunguza chumvi hadi uzito mahususi wa maji (specific gravity) uwe 1.009, nashusha taratibu kwa siku mbili, nakaa hapo siku 30. Samaki hasumbuki kama kwenye shaba, hamu ya kula inabaki.

kambakoche77: Ndugu yangu tanga, hiyo ilinishinda. Siku mbili sikupima, maji yakapungua kwa kugeuka mvuke, chumvi ikapanda, madoa yakarudi. Nikaingia kwenye shaba. Ile shaba iliyofungwa kikemikali (chelated) nashikilia miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita, siku 30, napima kila siku. Ila mvuvi, nakuomba usiimwage kwenye tangi kubwa! Kamba na matumbawe watakufa, na mawe yanainyonya. Tumia tangi tupu, weka vipande vya bomba la plastiki wajifiche.

mvuvi_wa_kioo: Kipimo cha shaba sina, na kukiagiza ni wiki mbili.

BiMkunazi: Basi shaba iache kabisa, bila kipimo utaua samaki. Hamisha. Pata vyombo viwili, kila kimoja na hita yake na pampu ya hewa. Siku ya 1, 4, 7, 10 na 13 wahamishie kwenye chombo kilichosafishwa na kukaushwa, kisha kikajazwa maji mapya ya chumvi na joto lilelile. Usibebe maji ya zamani. Kimelea huanguka kutoka kwa samaki, hujifunga chini na kuzaliana. Wewe unawaondoa samaki kabla vizazi vipya havijatoka. Watoe wote sita, hata wasio na doa, na tangi kubwa likae siku 76 bila samaki. Kamba na matumbawe waache humo.

tanga_kwetu: Nakubaliana na Bi. Vyombo viwe vikubwa, lita 100 kwenda juu, na upime amonia (sumu ya taka za samaki) kila jioni. Mimi amonia iliwahi kuniulia wawili waliokuwa wameshapona.

mvuvi_wa_kioo: Ahsanteni sana. Leo siku ya 4, nimewahamisha alfajiri. Kangaja amebaki na madoa mawili, kala mwani wote.

BiMkunazi: Usiache hapo. Madoa huanguka yenyewe hata bila tiba. Fika siku ya 13.