Unauza ndege huna logibuku (vitabu vya kumbukumbu za saa na matengenezo) za injini, unauza nini hasa?

Wakuu, leo nina hasira na wauza ndege, na madalali wao pia.

Mtu anatangaza Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja: "iko safi sana, injini nzuri, bei maelewano." Picha zote ni za rangi na viti. Muulize injini ina saa ngapi tangu ifanyiwe matengenezo makubwa, jibu lake ni "bado mbichi mkuu, njoo uone". Niko Arusha, ndege iko uwanja wa Wilson, Nairobi. Nauli yangu, kazi yangu imesimama, na bosi anasubiri ndege ya kupeleka wageni Serengeti.

Tukaenda. Rangi kweli inang'aa. Logibuku ya bodi ipo, ya propela ipo, ya injini inaanzia katikati, eti za nyuma zilipotea ofisi ilipohama. Injini yenyewe ni Continental IO-520, ambayo mtengenezaji anataka ifunguliwe kwa matengenezo makubwa ikifika saa 1,700. Bila vitabu vya nyuma nitajuaje kama imebakiza saa 900 au imeshapitiliza? Anayenunua hapo ahesabu bei ya injini nyingine juu ya bei ya ndege.

Halafu kwenye kitabu cha propela kuna mstari mmoja tu: propela imebadilishwa. Kwa nini, hakuna. Nikafungua kava ya injini, nikamulika tochi ule ukuta unaotenganisha injini na rubani. Ribiti mpya upande wa chini, bati limekunjamana pembeni yake. Kwa Cessna, hapo ndipo panapoumia gurudumu la mbele likipigwa chini vibaya. Namuuliza mwenyewe, anasema "mimi niliinunua hivyo hivyo". Jamani! Pua ikishuka hivyo propela inaweza kugonga ardhi, na ikigonga inatakiwa injini ishushwe, ifunguliwe, krenki ipimwe. Hii ni roho za watu!

Hivi kuandaa taarifa kuna ugumu gani? Skani kila ukurasa wa logibuku, hata ule mchafu wa mafuta. Andika saa za bodi, injini na propela, na nani alizifungua mara ya mwisho. Weka kompresheni (vipimo vya mgandamizo) ya silinda zote 6, maana ilipimwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Yale maagizo ya lazima ya usalama, onyesha lipi limefanyika na lini. Kama imelala Mombasa miaka, sema, kutu ya chumvi ya bahari tutaitafuta wenyewe. Na deni la benki liseme mapema, kwa sababu ndege ya 5Y (usajili wa Kenya) haiingii 5H (usajili wa Tanzania) mpaka ifutwe kwanza kwenye daftari la Kenya, na benki inayodai inaweza kuzuia hapo hapo wakati hela yako imeshaenda.

Bado tunatafuta 206. Mwenye nayo anitumie kurasa za logibuku PM, zote. Picha za viti abaki nazo.