Nikiona hesabu imekosea silali. Nisake kazi gani Kisumu au Nakuru?

Karani_Kibos: Hamjambo wadau. Nina miaka 27, KCSE (mtihani wa kidato cha nne) nilipata C+, ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Shilingi kumi ikikosekana kwenye hesabu, usingizi hauji. Nataka kazi ambayo umakini unathaminiwa. Nishaurini, na iwe upesi.

MamaPili: Uhasibu, mwanangu. Kwa C+ unaanza CPA, ile mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB. Kisha ingia upande wa mishahara: SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba 1.5 na mwajiri anatoa 1.5 yake, PAYE (kodi ya mshahara) ifike kabla ya tarehe 9 kupita. Ukikosea nukta moja, wafanyakazi wote wako mlangoni kwako. Kazi hiyo imenisomeshea watoto wanne hapa Nakuru. Kitinda mimba ndiye kanishinda, anataka muziki tu.

Darubini: Maabara! KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, iko hapo hapo Kisumu. Kusaka vimelea vya malaria kwenye slaidi hakutaki mtu wa pupa. Au mbegu: KEPHIS, wakaguzi wa mimea na mbegu wa serikali, wana maabara Nakuru. Sampuli inamwagwa mezani, unatenga kwa kibanio mbegu safi, za magugu na takataka, kila fungu linapimwa uzito.

Omera_Ahero: Upesi wa nini na kazi unayo? Huku wenye digrii wanaendesha boda.

Karani_Kibos: Hatuelewani na bosi, basi.

MamaPili: Hamwelewani kwa lipi? Sema yote, sisi si wapiga ramli.

Karani_Kibos: Haya. Lori la simiti lilishusha mifuko 540, karatasi inasema 560. Bosi akaniambia nisaini 560. Nikakataa. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, naipeleka Jumatatu. Chumba Nakuru nimeshalipia.

Ndugu_Zaburi: Hongera kijana. Riziki ya haramu haina baraka.

Omera_Ahero: Chumba kabla ya kazi?

Karani_Kibos: Nikibaki watanisumbua hadi nisaini. Na Nakuru nina binamu, sitalala njaa.

Sidanganyiki: Hii imetungwa. Nani anahesabu mifuko 540 na wapakuzi wanakimbizana? Kesho tutaombwa nauli ya M-Pesa.

Karani_Kibos: Siombi hata senti. Mifuko inalazwa kumi kumi, mmoja juu ya mwingine. Rundo likitimia napiga mstari wa chaki ukutani. Ilifika mistari 54. Picha ya ukuta ninayo.

Sidanganyiki: La chaki nimekubali. Lakini mifuko 560 ya kilo 50 ni tani 28, mzigo kamili wa lori. Hiyo 20 ilishukia wapi?

MamaPili: Hilo ni la dereva na mwenye duka. Wewe kijana, barua isubiri. Kwanza andika tarehe, nambari ya lori na hesabu yako, mpe bosi, akugongee muhuri kwenye nakala yako. Asipokubali, itume kwa simu yake ili ibaki na tarehe. Ukiondoka mikono mitupu, hiyo mifuko 20 itaandikwa jina lako, na hakuna mhasibu atakayekuajiri.

Karani_Kibos: Nambari ya lori ninayo. Naandika leo jioni, barua itangoja majibu yake. Lakini chumba sikiachi, mama.