Kompyuta ya zamani haihitaji ukuta wa moto wa kupakua. Nani anapinga?

Wakuu, kila anayeuliza aweke ukuta gani wa moto (firewall, programu inayochuja mawasiliano ya mtandao) wa bure kwenye kompyuta yake ya zamani hupewa jibu lile lile: pakua ZoneAlarm au Comodo, kwa kuwa ule wa Windows hauzuii mawasiliano yanayotoka kwenye kompyuta. Napinga, tena kwa nguvu. Ushauri huu unazitwisha mzigo mashine ambazo tayari zimechoka.

Hoja hiyo ilikuwa na mashiko enzi za Windows XP. Ilipotoka mwaka 2001, ukuta wake kwa kawaida ulikuwa umezimwa, na Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikawa kinapenya kupitia mlango wa mtandao (port) namba 135 bila mtu kubofya chochote. Mwaka 2004 sasisho kubwa la XP, Service Pack 2, likauwasha, ila ulichuja yanayoingia tu. Tangu toleo lililofuata, Vista, Windows ina uwezo wa kuchuja yanayotoka pia. Ni wewe tu kuweka kanuni.

Sasa weka programu kama hizo za kuuliza ruhusa kwenye mashine yenye memori ya GB 2. Kabla hata kivinjari hakijafunguka, kidirisha kinachomoza: svchost.exe inataka kuingia mtandaoni, uruhusu au ukatae? Mtumiaji wa kawaida atajuaje kwamba svchost ni sehemu ya Windows yenyewe inayoendesha huduma zake? Akikataa, masasisho yanakwama, au kurasa zinagoma kufunguka kabisa. Ikijirudia hivyo, anazoea kubofya Ruhusu bila kusoma. Siku programu hasidi ikibisha hodi, inafunguliwa papo hapo. Na iliyo janja haibishi kabisa, inatoka kwa mgongo wa kivinjari kilichokwisha kuruhusiwa.

Anayetaka kweli kudhibiti yanayotoka, namshauri simplewall. Ni programu huria, nyepesi, na haiji na kichujio chake. Inapanga kanuni kwenye mfumo wa kuchuja uliomo ndani ya Windows. Lakini ni ya mtu mwenye subira ya kusoma.

Wanaotumia Linux, mfumo endeshi huria mbadala wa Windows, hawana haja ya kuhangaika. Netfilter, mfumo wake wa kuchuja, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.4 la mwaka 2001. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, huja na ufw, programu ya kusimamia ukuta huo, ila huwa imezimwa, na wengi hawalijui hilo. Andika sudo ufw enable, basi: yanayoingia bila kuitwa yanakataliwa, yanayotoka yanapita. Asiyependa kuandika amri atumie Gufw, yenye vitufe vya kubofya.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunabishana juu ya ukuta huku mfumo wenyewe ukiwa umeachwa. Windows 7 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukurasa wenye hila ukiufungua mwenyewe kwa kivinjari kisichosasishwa, ukuta unaupitisha, maana wewe ndiye uliyeuita. Kwa mashine kama hiyo, kuhamia Linux nyepesi inayopata masasisho kunasaidia kuliko ukuta wowote utakaoupakua.

Wanaosema ukuta wa ziada ni lazima, leteni mifano: ni programu gani hasidi mliyoiona ikinaswa na kidirisha hicho, ambayo ukuta wa ndani wenye kanuni ungeiachia? Na mashine hiyo ilikuwa na memori kiasi gani?